Bi. Marlys na Kalenda ya Rangi Tatu

Bi. Marlys Vander Ploeg anastaafu Jumatano, tarehe 30 Aprili 2025, baada ya miaka thelathini na minne katika ofisi yetu ya kodi ya Haverkamp, hapa Sioux City. Siku hiyo ndiyo ya mwisho ya kupeleka fomu za kodi za jimbo letu la Iowa. Tulimwambia aondoke mapema apumzike, akasema hawezi kuwaacha watu mlangoni.

Alianza mwaka 1991 akipokea simu na kupanga mafaili. Wateja wa zamani walijua kazi yao iko wapi na kitanda chao kiko wapi. Baadaye wakaja hawa wa siku hizi, wachoraji na waandishi wenye kompyuta ya mapajani na wateja wasiowajua hata sura. Leo wako Iowa, mwezi ujao ng'ambo ya mto, huko Nebraska, kiangazi wako Dakota Kusini, ambako hakuna kodi ya mapato ya jimbo. Walipe wapi? Bi. Marlys alijifunza sheria zao akiwa na miaka hamsini na kitu.

Bi. Marlys humpa kila mteja wa namna hiyo kalenda ya ukutani ya ushirika wa wakulima na penseli tatu za kupaka rangi kila siku: njano Iowa, nyekundu Nebraska, kijani Dakota Kusini. Kisha huuliza swali moja tu: mswaki wako ulilala wapi? Dwight Ott, mwalimu wa gitaa, alimwambia, "Bi. Marlys, unanihoji kuliko mke wangu." Akamjibu bila kuinua macho, "Mkeo atakusamehe, Dwight. Jimbo halina moyo huo."

Mumewe, Gerrit, alifariki mwezi Machi, katikati ya msimu wa kodi, ofisi ikiwa imejaa watu. Siku ya nne alirudi kazini na sinia la keki kwa ajili yetu, akaomba faili lililokuwa juu kabisa.

Mimi nilimjua kwanza kama mteja. Nilikuwa naandika maandishi ya video kwa kampuni za mbali, mwanangu Junie ana miezi minane. Nilisikia kwamba ukikodi sanduku la barua upande wa Dakota Kusini, basi umehama, kodi ya jimbo imekwisha. Nikakodi, nisijaze fomu ya jimbo lolote. Kumbe nililala Iowa hadi Mei, halafu kwa shangazi yangu Nebraska. Zikaja barua mbili, kila jimbo likinihesabu mkazi wake wa mwaka mzima. Fedha niliyokuwa nayo ilikuwa ya pango la chumba chetu cha kwanza. Nikilipa kote, chumba hakuna.

Nikampelekea Bi. Marlys barua hizo. Alizisoma, akampakata Junie, akasema taratibu, "Mwanangu, wewe hukuhama. Zilihama barua zako."

Hakunifokea, wala hakunidanganya kwamba sidaiwi. Siku tatu tulitafuta ushahidi: kadi ya chanjo ya Junie, karatasi za maktaba, risiti za mafuta. Miezi mitano ikawa njano, saba nyekundu. Kijani haikuwepo hata siku moja. Kila jimbo likakubali miezi yake tu. Nililipa, na faini kidogo, na chumba tukakipata. Junie alianza kutembea humo.

Mwaka uliofuata aliniita nikae mapokezi. Nikamwambia shule sikumaliza. Akasema, "Ulipaka rangi bila kudanganya. Mengine nitakufundisha." Amenifundisha misimu mitatu, na bado naogopa kidogo kukaa bila yeye.

Bi. Marlys hajawahi kuishi nje ya Iowa. Sasa anahamia Yankton, Dakota Kusini, karibu na dada yake. Wiki iliyopita aliniwekea kalenda yake mezani, njano hadi tarehe thelathini. "Mwakani fomu utanijazia wewe, Tressa. Na usinionee haya, niulize mswaki."

Penseli ya kijani nimeshaichonga.

Bi. Marlys, sote hapa Haverkamp tunakushukuru. Mswaki wako ulale salama penye watu wanaokupenda, na siku za kijani ziwe nyingi, hadi penseli iishe tununue nyingine.