Boma la Magurudumu Sita

Walio mlangoni waingie, viti vya mbele vipo, na simu iliyosimamishwa pale kando ya maua isizimwe, kwa sababu upande wa pili yupo Mzee Nikanor, baba mdogo wa marehemu, pamoja na ukoo uliokusanyika nyumbani Yala, na yatakayosomwa hapa wana haki ya kuyasikia. Anayesoma ni Sesilia, dada anayemfuata marehemu kwa kuzaliwa, aliyefika Durban Jumatatu akitokea Kisumu, ametumwa na ukoo huo huo auchukue mwili na kuusindikiza hadi nyumbani. Karatasi mliyopewa mlangoni, inayosema kwamba marehemu hakujaliwa kupata makao yake mwenyewe, haikuandikwa na mjane wala na watoto, ilitumwa kutoka nyumbani ikiwa tayari, basi ikunjeni mjipepee nayo, maana joto la leo mnalijua.

Tangu siku aliyofariki familia hii imevutana juu ya jambo moja tu, azikwe wapi, na jibu litatolewa kabla hatujatoka humu kanisani. Kwanza msikie alivyoishi.

Lawrence Otieno Obura alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957 karibu na Yala, magharibi mwa Kenya, akiwa kifungua mimba katika watoto watano wa fundi wa baiskeli na mkewe, wote wawili sasa marehemu. Alianza shule ya msingi Januari 1964, akaimaliza mwaka 1970, akasoma sekondari Kisumu hadi Kidato cha Nne mwaka 1974, kisha akaenda Mombasa kusomea ufundi wa mitambo, akahitimu Novemba 1978 akiwa tayari na tabia ile mnayoijua, ya kufungua kila kitu chenye skrubu ili aone ndani kuna nini, na kukifunga tena kikiwa kizuri kuliko alivyokikuta. Baba yetu alikuwa akilalamika kwamba baiskeli za wateja zinachelewa kwa sababu Otieno bado anazichungulia.

Aliajiriwa Nairobi katika kiwanda cha mikate mwezi Februari 1979, akakaa hapo hadi mwaka 1996, alipopata kazi hapa Durban, katika kiwanda cha mikate kule Mobeni, na ndani ya kiwanda hicho akafanya kazi miaka ishirini na sita, kwanza fundi wa zamu, baadaye mkuu wa mafundi wote, mpaka alipostaafu tarehe 30 Aprili 2022. Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa kanisani na Benedicta Makena, muuguzi kutoka Chogoria, Meru, na kwa kuwa yeye alikuwa Mjaluo na mkewe Mmeru, nyumba yao ilizungumza Kiswahili, na ndiyo maana anasomewa Kiswahili leo. Walijaliwa watoto wawili, Melvin, aliyezaliwa Nairobi tarehe 2 Julai 1986, na Bilha, aliyezaliwa tarehe 19 Machi 1990, na wote wawili wako mbele yenu pamoja na mama yao.

Sasa tufike kwenye makao. Kwa wale ambao si Wajaluo, mwanamume kwetu akishakuwa na mke na watoto anatakiwa kuanzisha boma lake, tunaliita dala, na haliwi boma mpaka aende mahali hapo akiwa na mtoto wake wa kwanza wa kiume amebeba shoka, mkewe amebeba moto, yeye mwenyewe ameshika jogoo, na baba au mzee anayesimama badala ya baba awe amewatangulia. Akifa bila kufanya hivyo, ni aibu, na ukoo humjengea nyumba ya haraka haraka ili maiti ipate pa kulala kabla ya kuzikwa. Mila hiyo hatuidharau, tumekulia ndani yake.

Baba yetu alimgawia Lawrence kipande chake cha ardhi mwaka 1983, upande wa mtoni, mbele ya mashahidi, na Mzee Nikanor alikuwa mmoja wa mashahidi hao. Kabla ya kujijengea, marehemu aliezeka nyumba ya mama kwa mabati mapya, akaezeka ya Mzee Nikanor, akaezeka za wadogo zake wawili, hivi kwamba mvua ikinyesha Yala leo hakuna mtu wa ukoo huo anayelowa, na asiyeamini aangalie juu sasa hivi. Agosti 2011 akafika na mkewe, watoto na lori la saruji ili aanzishe boma lake, akakuta kipande chote kimepandwa miwa, na aliyeipanda ni baba yake mdogo. Akaambiwa asubiri, miwa bado haijakomaa. Akasubiri. Ikakomaa, ikakatwa, na kila aliyewahi kulima miwa anajua kwamba ikikatwa huchipua tena, basi kila likizo aliyokwenda nyumbani aliambiwa maneno yale yale, na kwa sababu alilelewa kuheshimu wakubwa, alirudi Durban bila kugombana na mtu. Saruji ile iligeuka mawe ghalani.

Ndipo mwaka 2022, alipostaafu, akauziwa na kiwanda lori moja kuukuu la kusambazia mikate, la magurudumu sita, akaliegesha uani kwake Sydenham, na kwa karibu mwaka mzima hakufanya kazi nyingine. Aliweka kitanda, jiko la gesi, tangi la maji, choo, dirisha upande wa Makena, na rafu zile zile za mikate akazifanya kabati za nguo. Kazi ya kuchomelea vyuma ilifanywa na jirani yake, Mzee Honoré, mkimbizi kutoka Bukavu ambaye ana karakana yake Overport na anakaa pale safu ya pili, amevaa koti la kijivu. Watu wa kanisa hili walilicheka, tusifichane, wengine wakaliita gari la mkate, wengine wakasema mzee amechanganyikiwa, na mmoja aliyekuwa na cheo katika chama chetu cha Wakenya alimfuata Makena jikoni kumuuliza kama wameshindwa kulipa kodi ya nyumba.

Jumamosi tarehe 4 Machi 2023 Lawrence aliamka, akamwambia Melvin achukue shoka, akamwambia Makena awashe jiko la gesi, na yeye mwenyewe akashika jogoo aliyemnunua Overport, ambaye alimponyoka mara moja akaingia chini ya magari ya majirani mpaka akakamatwa tena. Kilichokosekana kilikuwa mzee wa kutangulia. Mzee Honoré, aliyekuja tu kuangalia bawaba za mlango, akauliza mbona wamesimama, akaelezwa, akafuta mikono akasema: "Kama bazee benyu iko mbali, basi leo miye niko baba yake." Akapanda mbele, Melvin akafuata na shoka, na hivyo ndivyo boma la Lawrence Otieno lilivyoanzishwa, na neno Dala likaandikwa juu ya kioo kwa rangi nyeupe. Jogoo alilala humo akawika alfajiri mpaka mtaa ukalalamika.

Picha zilipofika Yala, Mzee Nikanor alisema kwamba lori si boma, Mkongo si mzee wa ukoo, na jambo hilo ni matusi. Hakusema lolote kuhusu miwa.

Kuanzia hapo marehemu na mkewe waliizunguka nchi hii, na tunataka mjue kwamba walifurahi, maana katika karatasi ile hakuna hata mstari mmoja unaosema hivyo. Walipitia Kokstad wakashuka hadi pwani ya Port St Johns, wakavuka Karoo wakalala Graaff-Reinet, wakafika Upington, na Agosti 2023 wakawa Springbok, wakati jangwa lote linapotoa maua, ambapo Makena, aliyezaliwa chini ya Mlima Kenya na hadanganywi na maua, alikaa kwenye ngazi ya lori akalia. Si kila mahali walipokewa. Kambi moja huko kaskazini waliambiwa imejaa na wakaiona tupu kwa macho yao, na kwenye kizuizi kimoja cha barabarani askari walifunua godoro lao kutafuta watu waliofichwa, wakamfanya mwanamke wa miaka sitini na kitu asimame juani ameshika nguo zake za ndani mikononi. Usiku huo walilala kwenye kituo cha mafuta, wauza mafuta wakawalinda, Makena akamfunga mmoja wao jeraha la moto, na asubuhi Lawrence akamtengenezea mwenye kituo pampu yake. Alikuwa hivyo, ukimtukana leo kesho anafanya kazi kama kawaida.

Septemba 2024 walifika Musina, mpakani kabisa, wakiwa na vibali vya kuendelea mbele, kwa sababu mpango wao, ambao hawakumwambia mtu, ulikuwa kuendesha Zimbabwe, Zambia, Tanzania, mpaka Yala. Kutoka Musina Lawrence alimpigia Mzee Nikanor simu, akamwomba, kwa adabu zote, kipande cha kuegesha lori tu, si zaidi ya urefu wake, pembeni mwa miwa, ili boma lake liguse ardhi ya baba yake. Akajibiwa kwamba mzee wa umri wake hafiki kwao akilala kwenye lori kama utingo, watu watatucheka. Makena anasema Lawrence aliiangalia barabara ya kaskazini, akawasha injini akageuza. Kutoka hapo mpaka Durban hakufungua redio.

Machi 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya kibofu iliyokwisha kusambaa. Alitibiwa hospitali ya serikali, alipopata nafuu alilala kwenye lori uani kwa sababu alisema ndani ya nyumba hapati usingizi, na Makena akawa muuguzi wake kwa mara nyingine. Januari mwaka huu, akiwa kitandani na dripu mkononi, ukoo uliitisha kikao kwa simu, na katika kikao hicho mgonjwa aliulizwa atajenga lini, na ikapendekezwa lori liuzwe. Alimjibu Mzee Nikanor kwa sauti ndogo: "Baba, mimi nina dala. Inahitaji oili tu." Kisha akamrudishia binti yake simu. Bilha hajawahi kuwasamehe kwa kikao hicho, na dada wa marehemu, huyu anayewasomea, aliyekuwa Kisumu na hakualikwa kwenye simu hiyo, anamuunga mkono.

Lawrence Otieno Obura alifariki Jumatano tarehe 11 Februari 2026, saa kumi alasiri, mkewe amemshika mkono.

Alhamisi, siku moja tu baada ya kifo, miwa ikaanza kukatwa. Wamefyeka, wamesawazisha, wamesimamisha vyumba viwili vya mabati na kupaka mlango rangi ya kijani, picha zake zimetumwa hapa kwa fahari, na Mzee Nikanor amemwambia mjane asiwe na wasiwasi, mumewe sasa ana nyumba. Miwa ambayo haikuweza kuondolewa kwa miaka kumi na tano ili mtu mzima aishi, imeondolewa kwa siku mbili ili maiti ilale. Tuna hasira, na hatutaki mchungaji atuombee itutoke leo. Ninyi wa Yala, mlimnyima mtu mahali pa kuegesha, na sasa mnataka kumpa chumba ambacho hawezi hata kuingia kwa miguu yake.

Kabla ya kupoteza sauti marehemu alimwambia mkewe, mbele ya Melvin na Bilha: "Nizikeni pale ambapo Makena atafika bila kubisha hodi kwa mtu." Makena aliyaeleza haya kwa ukoo kwa simu, akaambiwa kwamba mwanamke wa Meru hawezi kuwafundisha Wajaluo kuzika, na kwamba anakuja Sesilia, mtoto wa nyumbani, atalimaliza jambo hilo. Sesilia amekuja. Jumanne alipelekwa uani akaonyeshwa lori, akapanda, akakaa kwenye kiti cha kaka yake, akasikiliza mambo yote haya kutoka mwanzo mpaka mwisho, na analimaliza sasa. Mwili hausafiri. Kaburi limechimbwa hapa Durban, tutazika leo saa nane, na kwa kuwa mila inataka mzee wa kutangulia, atatutangulia Mzee Honoré, yule yule. Nyumba ya mabati ibaki huko na mlango wake wa kijani, alale humo aliyeijenga.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumuuliza katoka wapi, majirani wa Sydenham waliovumilia jogoo na nyundo, wafanyakazi wenzake wa Mobeni walioleta mikate ya msiba kila asubuhi, wauza mafuta wa barabara zote alikolala, na Mzee Honoré, ambaye hatuna neno la kumtosha. Wifi Makena, hakuna atakayekuuliza unakwenda wapi ukienda kumwona.

Na wewe, kaka, pumzika kwa amani. Ulipo, hakuna atakayekuhamisha.