Kofia ya Jumbe Likwata na Mkunga Aliyekataa Kuku

Ifikapo tarehe 30 Juni 1958, Bi Mastura binti Mfaume, mkunga wa Zahanati ya Wazazi ya Mitwero, atakabidhi mkoba wake wa kazi na kustaafu, baada ya kututumikia kwa miaka thelathini na mmoja. Nusu ya watakaokalia viti siku ya sherehe walipokelewa duniani na mikono yake. Nusu nyingine ni wageni, nao tutawavumilia.

Wasifu huu wa jarida letu, utakaosomwa pia siku hiyo ya sherehe, nimepewa kuuandika mimi, Sipriani Xaveri, dresa wa zahanati hii. Nimefanya naye kazi mlango kwa mlango tangu nilipoletwa hapa nikiwa sijui hata kufunga bendeji ikakaa. Tena mimi ni Mmakonde na yeye ni Mmwera, yaani ni watani, na mtani ana ruhusa ya kusema lile ambalo ndugu angelimeza. Asiyependa utani azibe masikio mapema.

Bi Mastura aliingia kazini mwaka 1927 akiwa yaya wa wodi, wa kufua mashuka na kuchemsha maji. Haukupita muda ikaonekana kwamba wazazi wakishikwa na uchungu humwita yeye, tena kwa jina. Wakubwa wakaona heri asomeshwe, akasomeshwa, akafaulu. Akapelekwa Tingi, Wilaya ya Kilwa, akazalisha huko miaka kadhaa, kisha akarudishwa Mitwero na hakuondoka tena. Wanawake wa Tingi bado wanatulaumu kwa kumchukua.

Kazini alikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: maji ya kumwogeshea mtoto ayachote baba yake mwenyewe. Hakujali cheo. Karani mmoja wa korti, mwenye kanzu iliyopigwa pasi ikasimama, alijaribu kumtuma mpishi wake. Bi Mastura alimrudisha mpishi na debe tupu. Basi karani akapita na debe kichwani mchana kweupe, kanzu imelowa hadi magotini, mtaa mzima umetoka kumtazama. Mtoto yule leo ni binti mkubwa, na karani huwa anamweleza kila mtu kwamba maji yale alijitolea mwenyewe. Sawa, tumesikia.

Lakini sifa ya Bi Mastura iliyovuka mipaka ya Lindi ni kabati lake.

Wenyeji wanalijua jina la Jumbe Likwata wa Rutamba, ila kwa ajili ya wageni nitasema kidogo. Wakati wa Mdachi, Likwata aliwaita majumbe wa bara na wazee wa pwani, Wamwera, Wamakonde na Waswahili wa mjini, akawaambia kwamba shida yao ni moja na nchi yao ni moja. Kabla yake kila mmoja alikuwa akililia shamba lake. Wajerumani walimkamata mwaka wa vita vya kuwapinga, wakamnyonga Kilwa, na kaburi lake halijulikani hadi leo. Nyumba yake ilichomwa moto. Majirani waliokoa walichoweza kubeba, wakakimbia nacho, kila mtu njia yake.

Siku hizi vijana wanaulizana ni nani aliyetangulia kusema kwamba nchi hii ina wenyewe. Jarida hili ni la watumishi wa serikali, kwa hiyo siasa tutaiacha barazani ivue viatu. Ninachotaka kusema ni kwamba Bi Mastura aliuliza swali hilo kabla hawajazaliwa, na wengi wao aliwazalisha yeye.

Mnajua desturi yetu. Mama akijifungua salama, baba humletea mkunga kuku. Bi Mastura hakupokea kuku hata mara moja. Humwambia mwenye mtoto kwamba kuku wake abaki naye amchemshie mzazi supu, ila kama nyumbani kwao kuna chochote cha Jumbe Likwata, hicho atakipokea. Kama hakipo, basi wamsimulie habari zake. Watu walishangaa, wengine wakadhani ana mambo yake ya uganga. Kisha vitu vikaanza kuja. Kigoda cha miguu mitatu kikatoka Tingi, alikokihamishia mtu aliyekimbia vita. Tabakelo ya pembe, ya kutilia ugoro, ikaletwa na mvuvi. Kikaja kipande cha mlango kilichoungua upande mmoja, na buli la kahawa lisilo na mkono. Severini, fundi seremala wa zahanati, akamtengenezea kabati la mninga lenye milango ya kioo, na watu wakawa wanakuja Jumapili kulitazama, wengine na watoto wao, wanavua kofia mlangoni.

Hapo ndipo mtani alipopata chakula. Maana katika kabati lile kuna bakora tatu, na kila aliyeleta aliapa kwamba yake ndiyo aliyoishika Jumbe siku aliyokamatwa. Familia mbili zilikaribia kushikana mashati kwenye ubaraza wa wodi, mzazi yuko ndani anawasikia. Bi Mastura aliziweka zote tatu rafu moja, akasema mzee alikuwa na magoti mawili mabovu na watoza kodi wa kutosha, hata bakora tatu zilikuwa chache. Viatu navyo! Makubadhi mawili, yote ya mguu wa kulia. Nilimwuliza kama shujaa wetu alipigana na Mdachi kwa kurukaruka mguu mmoja. Hakunisemesha siku mbili.

Kisha kuna mwavuli. Mwavuli huu uliletwa na kijana mmoja wa Rutamba, mkewe kajifungua mapacha, naye furaha imempanda kichwani. Hata mimi, nisiyejua miavuli, niliona kwamba umetoka dukani mwaka uleule. Nilifungua kinywa, Bi Mastura akanikanyaga mguu. Aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akauweka rafu ya chini. Kijana alipoondoka nilimwuliza kwa nini apokee uongo. Alijibu kwamba yule hakusema uongo, ametamani tu nyumba yake nayo iwe imeshika kitu cha Likwata, na kwamba kutamani hivyo si vibaya. Alilisema bila kucheka. Sikuelewa wakati ule kwa nini macho yake yalijaa maji kwa ajili ya mwavuli.

Sasa naingia mahali ambapo peke yangu nisingethubutu kuingia. Wenye habari hii, wawili, wamenipa ruhusa, na mmoja wao ameagiza yasomwe kwa sauti.

Mwaka huu, mara baada ya Idi, Bi Mastura aliniita kwake. Alikuwa anafunga mizigo. Wajomba zake wamemkatia kiwanja Rutamba, nyumba imeshaezekwa, na furaha ingetosha kujaza debe. Badala yake nilimkuta amekaa chini, na mbele yake mkebe wa biskuti. Ndani ya mkebe kulikuwa na kofia ya viua, imegeuka rangi ya chai, imekunjwa vizuri ndani ya kitambaa. Akaniambia hii ndiyo ya kweli, na kwamba hakuna mtu aliyempa kwa sababu ya mtoto. Aliirithi.

Baba yake, Mfaume, alikuwa askari wa Mdachi huko Kilwa. Alikuwa mtu wa Rutamba, na Likwata alimjua tangu utotoni. Asubuhi ile ya kunyongwa, Mfaume ndiye aliyekuwa zamu mlangoni. Jumbe alivua kofia yake mwenyewe, akampa, akamwambia: mpe Kazija anitunzie. Kazija alikuwa binti yake mdogo. Mfaume akaipokea. Lakini angeingiaje uani kwa watu wale na nguo za Mdachi mwilini? Akangoja vita vipoe. Vita vikapoa, aibu haikupoa. Akahamia Mitwero, hakukanyaga tena Rutamba, na alipokuwa anakufa akamwachia binti yake mkebe na maneno yaleyale. Huo ndio mwaka Bi Mastura alioanza kazi hapa.

Kwa hiyo mwanamke huyu alipita nyumba baada ya nyumba, akauliza habari za Likwata kwa kila aliyekuwa na mdomo, akaokota hadi vipande vya mlango. Nyumba moja tu hakuibishia hodi, na ndiyo iliyokuwa inamdai. Na ile nyumba mpya? Njia ya kwenda kisimani inapita uani kwa Bi Kazija. Angepita na ndoo kila asubuhi, amwamkie, arudi nyumbani akautazame mkebe. Aliniambia kwamba kama hawezi kuikabidhi kofia ile, hawezi kuhamia Rutamba, na kama hawezi kuhamia Rutamba hana kwingine pa kuzeekea. Akasema, wewe ni mtani wangu na ni mtani wao, wewe unaweza kulitamka.

Masikini mimi, niliyezoea kutania juu ya makubadhi!

Tulipanda lori la ufuta, yeye mbele na mkebe mapajani, mimi nyuma juu ya magunia. Tulipofika, Bi Mastura alibaki nje ya ua wa makuti. Mimi nikaingia kwa kelele, kama mtani anavyoingia msibani. Nikanyakua ungo wa Bi Kazija nikauvaa kichwani. Nikasema nimekuja kudai malipo, maana mzee wao alikuwa mtu wa ovyo, ameondoka duniani kichwa wazi, akatuachia sisi kazi ya kumtunzia kofia. Bi Kazija, mama wa miaka kama sitini, alicheka akanirushia gunzi la hindi. Nikasema kofia ipo, na aliyenayo yuko nje ya ua huu. Baba yake ni Mfaume, askari wa Mdachi, na aibu imemfunga miguu.

Kicheko kikakatika. Nikauvua ungo taratibu nikauweka nilipoutoa.

Akaagiza aingizwe. Bi Mastura aliingia, akapiga magoti, akasema shikamoo. Bi Kazija hakuitikia. Aliuchukua mkebe, akafungua, akaigeuza kofia ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono. Akauliza imefikaje mikononi mwa Mfaume. Bi Mastura alieleza yote, hakumtetea baba yake wala hakujitetea. Alipofika kwenye maneno ya Jumbe, Bi Kazija alimwambia arudie. Akarudia: mpe Kazija anitunzie. Akamwambia arudie tena, na masikio yake hayana kasoro yoyote.

Kisha akasema, "Kumbe alinitaja."

Akalia. Alilia kama mtoto, kwa sauti, kofia ameibana kifuani. Alipoweza kusema, alisema kwamba tangu alipokuwa mdogo ameambiwa baba yake alikufa bila kusema neno kwa mtu yeyote. Alimwekea baba yake kinyongo maisha yote, kwamba aliikumbuka nchi nzima akamsahau yeye. Halafu hasira ikaja, na ilikuwa haki yake. Alimwambia Bi Mastura usoni kwamba Mfaume alimnyima neno la baba yake akalifungia mkebeni, na yeye Mastura, msomi wa kupokea watoto wa watu, akaukalia mkebe ule miaka yote. Bi Mastura aliitikia kila neno: ndiyo, dada. Ni kweli, dada. Mimi nilitazama ardhi, utani umeniishia kabisa.

Wajukuu waliokuwa uani walituchoka wakarudi kucheza. Ndipo Bi Kazija akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akamtazama Bi Mastura aliyekuwa bado yuko chini, akasema, "Marahaba." Shikamoo yake ilikuwa imengoja muda wote huo.

Wasifu hauna budi kutaja mafanikio, basi haya hapa. Bi Mastura ametufundishia wakunga wanne, akiwemo Helena atakayekalia kiti chake na ambaye tayari anawachotesha maji akina baba. Kabati la mninga linahamia Rutamba, kwenye chumba cha mbele cha Bi Kazija, pamoja na bakora zote tatu, makubadhi yote ya kulia, na mwavuli. Nilishauri mwavuli ubaki. Bi Kazija aliamua uende, alipoambiwa habari ya mapacha. Kofia haimo kabatini. Hiyo anaitunza mwenyewe, kama alivyoagizwa.

Bi Mastura, wenzako wa zahanati tunakushukuru kwa mashuka uliyofua na kwa watoto uliowapokea. Mimi nakushukuru kwa bendeji ulizonifundisha kufunga, na kwa kunikanyaga mguu siku ile. Kisima chako sasa kina njia.

Lakini nimeacha jambo moja. Tulipoaga siku ile, Bi Kazija alimkamata tetea mwekundu aliyekuwa akiparura jikoni, akamfunga miguu kwa ukambaa, akamnyooshea mgeni wake. Nilingoja Bi Mastura atoe hotuba yake ya supu ya mzazi. Badala yake alinyoosha mikono yote miwili akampokea kuku, wa kwanza katika utumishi wake wote, akampakata mapajani, pale ulipokuwa mkebe, kwenye lori hadi Mitwero. Kuku huyo hajachinjwa. Anataga nyuma ya wodi, na mwisho wa mwezi atasafiri mbele na dereva, pamoja na mwenyewe. Mungu akupe, mtani wangu, umri mrefu wa kula mayai yake.