Ukili wa Mwanapili Kwenye Njia ya Mwambani

Enyi mliokuja kutupa mkono wa tanzia, wazee wetu mlioko uani na mama zetu mliomo ndani, kabla jeneza halijainuliwa tunaomba mumsikie marehemu Mwanapili binti Chirau kwa mara ya mwisho, na haya yameandikwa kama alivyoyasimulia binti yake Mwanatumu, ambaye mengi aliyaona kwa macho yake, na moja lilipitia kinywani mwake.

Marehemu alizaliwa Waa tarehe 4 Machi 1917, mtoto wa pili wa mzee Chirau na bi Dama, akiwa ametanguliwa na kaka yake Alfani, ambaye tunaye hapa. Alitiwa chuoni mwaka 1924, akahitimu Kurani mwaka 1929, na kakake alipokuwa akitoroka chuo kwenda kuwinda ndege, yeye ndiye aliyemfichia siri kwa mwalimu. Tarehe 10 Juni 1934 aliolewa Diani na Bwana Iddi Kombe, mkulima, wakajaliwa watoto watatu, Chengo, Fondo, na kitinda mimba Mwanatumu, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1945.

Kazi yake ilikuwa kusuka mikeka na, siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali, kuvua pweza mwambani pamoja na wanawake wenzake sita. Kabla ya kuteremka kila mmoja alifunga kipande cha ukili wake, ule utepe wa mikindu wa kushonea mkeka, kwenye kichaka cha mwanzo wa njia, akaja kukifungua akirudi, ili maji yakianza kujaa ijulikane nani bado yuko nje. Kila mwanamke ana mkono wake wa kusuka, na Mwanatumu, aliyekaa hapo ili apige kelele maji yakigeuka, aliweza kusema huu wa fulani na huu wa fulani hata akiwa amefumba macho, kwa kupapasa tu.

Mwaka 1953 hoteli ya Wazungu ilizungusha seng'enge, ikaweka lango kwenye njia ile waliyoipita bibi zetu, na kibao kwamba mtu mweusi haruhusiwi isipokuwa mtumishi, na mnyapara aliyekabidhiwa ufunguo alikuwa Alfani. Wanawake wakawa wanapita chini ya seng'enge. Jumamosi tarehe 31 Julai 1954 meneja mwenyewe alisimama njiani na mbwa wake, akasema wageni wake hawakusafiri kutoka Ulaya kuja kutazama weusi ufukweni, na Mwanatumu alidhani mama yake atakimbia, lakini mama alimwamkia yule bwana kama anavyoamkiwa jirani, akamwambia maji hayangoji mtu, akapita, na wale sita wakamfuata mmoja mmoja, kikapu kichwani, mbwa akibweka mpaka akachoka.

Kabla hawajarudi, Alfani alikuja kichakani, akachuchumaa karibu na mpwa wake, akampa kipande cha halua, akamsifu kwamba ana akili kama mama yake, kisha akamuuliza ukili huu ni wa nani, na huu, na huu. Mtoto wa Kidigo haulizwi na mjomba wake akanyamaza, kwetu mjomba ndiye mwenye watoto, basi Mwanatumu alimtajia wote saba kwa furaha na kwa adabu, na halua akaimaliza.

Jumanne tarehe 17 Agosti, alfajiri, askari walikwenda nyumba saba bila kuuliza njia. Mbele ya hakimu majina yalisomwa kwa mpango uleule alioulizwa Mwanatumu, naye akiwa dirishani na baba yake alimwona mjomba anatazama chini, ndipo alipojua. Wakaambiwa waweke dole gumba kwenye karatasi kwamba hawatapita tena, sita wakaweka, nasi hatuwalaumu, walikuwa na watoto wa kunyonyesha, lakini Mwanapili alisema dole lake halisemi uongo, akafungwa miezi minne. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kinauma kiasi gani.

Alirudi tarehe 18 Desemba 1954 na kikohozi, Mwanatumu akamweleza yote huku analia, mama akamjibu kwamba adabu si kosa, kosa ni la aliyeitumia vibaya, na bamvua iliyofuata akafunga ukili wake palepale, peke yake, na iliyofuata hiyo akafuatwa na Kanze, mmoja wa wale sita, kisha na wengine wote.

Kifua kilimlaza Machi 1957, akapelekwa hospitalini Msambweni mara tatu. Kakake hakuja hata siku moja kumjulia hali, naye alimngoja, kila hodi ilipopigwa alijiinua kitandani akauliza kama ni Alfani. Amefariki leo, Jumatano tarehe 12 Novemba 1958, saa kumi na moja alfajiri.

Tunawashukuru daktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuchotea maji, na wanawake wenzake wa mwambani waliorudi kumfuata. Wasia wake ni mmoja, jeneza lipite njia ile kwenda makaburini, nalo litapita, lango limefungwa na mwenye ufunguo tumekaa naye. Asubuhi hii Mwanatumu amekwenda kichakani kufunga ukili wa mama yake, nao hautafunguliwa tena. Mzungu akiuliza ni wa nani, mjomba Alfani, mjibu wewe, unajua.

Nawe Mwanapili binti Chirau, pumzika kwa amani uliyonyimwa na wa kwenu.