Pasipoti Iliyonirudisha Kamachumu

Wapendwa, jina la Bwana lipewe sifa! Nasema lipewe sifa! Miaka mingi nimekaa benchi la nyuma la kanisa hili nikiwasikiliza wengine wakishuhudia, nikipiga makofi na kuimba pamoja nao. Leo miguu imenileta mbele, na nimewaomba wazee wa kanisa wanivumilie nikizidisha maneno. Wanaonifahamu hapa Hamugembe wananiita Mama Kemi. Ni mjane, nauza vitenge pale Miembeni, na mwanangu wa pekee, Kemilembe, ameolewa huko Denmark.

Ndugu zangu, ushuhuda wangu unaanza na pasipoti. Msicheke! Bwana anaweza kumshika mtu mahali popote.

Kemi alikuwa na mimba baada ya kuingoja muda mrefu. Alinipigia simu akaniambia, "Mama, daktari amesema nilale tu, nisisimame hata kupika. Mume wangu yuko kazini kutwa. Nakuhitaji." Mimi nikamjibu nakuja, mwanangu, tena haraka! Nikafungua sanduku, nikatoa pasipoti yangu ya zamani. Niliipata zamani ile kwaya yetu ya wanawake ilipoalikwa Ujerumani. Nilipoishika nikaanza kutabasamu peke yangu, nikikumbuka tulivyoshonewa magauni ya kufanana, tukaimba kwenye baridi mpaka meno yakagongana. Wengi wa waliosafiri nami Bwana amekwisha kuwaita. Picha ile ya ndani inamwonyesha mwanamke kijana, mashavu yamejaa, hana mvi hata moja. Na pasipoti yenyewe ilikuwa imekwisha muda wake zamani sana.

Nikaenda ofisini kuomba mpya. Afisa aliyenipokea alikuwa kijana mstaarabu, akanipa kiti kabla hajaniuliza lolote. Akazitazama karatasi zangu, akazitazama tena.

"Mama," akasema, "kitambulisho chako cha taifa kinasema umezaliwa Bukoba Mjini. Pasipoti ya zamani inasema Muleba. Na cheti cha kuzaliwa huna."

"Nimezaliwa Kamachumu, Muleba," nikamwambia. "Hapa mjini niliishi tu."

"Nakuamini, mama yangu. Lakini lazima tuwe na uhakika. Tafuta ndugu wa upande wa baba, mtu mzima aliyekuwepo ulipozaliwa. Ale kiapo, upate cheti, halafu aje tumsikilize. Yupo aliye hai?"

Wapendwa, nilitazama sakafu. Yupo. Niliyemjua alikuwa mmoja tu, na jina lake nilikuwa sijalitamka tangu nikiwa msichana mdogo.

"Yupo," nikasema, nikaondoka.

Sasa lazima niwarudishe nyuma, la sivyo hamtaelewa kwa nini nilitembea kutoka pale hadi nyumbani nikilia.

Mimi nilizaliwa kwenye kibanja kizuri! Nyumba yetu ilikuwa imezungukwa na migomba, na chini ya migomba kahawa, na kutoka kwenye jiwe kubwa nyuma ya jiko uliweza kuliona ziwa kwa mbali likimeremeta. Krismasi mama alitandaza nyasi mbichi sakafuni, nyumba nzima ikanukia, nasi watoto wa ukoo tukagaagaa humo kama ndama. Msimu wa senene, wale panzi watamu, tulidamka alfajiri kuwakusanya kwenye majani yenye umande, tukirudi na nguo zilizolowa na vikapu vinavyochezacheza. Baba yangu, Ta Elieza, kama tunavyowaita wazee wetu kwa heshima, alikuwa mkimya. Aliyekuwa na maneno ni mdogo wake, Ta Zakaria. Huyo alikuwa na baiskeli! Siku ya gulio alinipakia mbele, kwenye bomba, akashuka mteremko bila kushika breki huku akiimba, na mimi nikipiga kelele kwa furaha. Nilimpenda baba mdogo kuliko mtu yeyote, nikimtoa mama.

Kisha baba akaugua, akafa. Mama hakuwa na mtoto wa kiume, alikuwa na mimi tu. Msiba haujapoa, Ta Zakaria akasimama mlangoni pale pale tulipozoea kumkimbilia, akamwambia mama arudi kwao. Alisema ukoo umeamua. Mama hakubishana. Alifunga nguo zetu kwenye kanga, akanishika mkono, tukateremka kwa miguu hadi Muhutwe kutafuta gari la kuja mjini. Njiani niligeuka kumtazama baba mdogo nikidhani atatuita. Hakuita.

Mama akanilea hapa Hamugembe akiuza ndizi. Wengine wenu mnamkumbuka, mwanamke mwembamba, hodari, mwenye kicheko cha chini chini. Hakuitaja Kamachumu tena mpaka tulipomzika. Nami nikaiweka Kamachumu mahali ambapo sikuigusa. Nikienda Muleba kwa arusi au msiba, gari likipita Muhutwe nilitazama upande wa pili.

Huyo ndiye mtu niliyetakiwa kwenda kumpigia magoti!

Nilimwomba Bwana njia nyingine. Nilizunguka kutafuta wazee wengine wa ukoo, nikakuta wote wamekufa. Nikamwambia Kemi karatasi zinachelewa, nikaishia hapo, kwa sababu hajui lolote kuhusu Ta Zakaria. Siku moja akanipigia akiwa amelazwa hospitali. Alikuwa akipumua tu kwenye simu, halafu akasema kwa sauti ya utoto, "Mawe, utakuja?" Hivyo ndivyo alivyoniita alipokuwa mdogo, kwa Kihaya, kabla hajaanza shule.

Nilikuwa namenya ndizi. Nikaweka kisu chini. Ndugu zangu, sikusikia sauti kutoka mbinguni wala sikuona nuru. Nilisimama tu pale jikoni, mikono imejaa utomvu, nikasema, "Bwana, nitakwenda, lakini moyo wangu haujakubali. Twende hivyo hivyo." Na Yeye akakubali kwenda na mtu wa namna hiyo! Haleluya!

Asubuhi nikapanda basi, nikashuka Muhutwe, nikachukua bodaboda kupanda Kamachumu. Tulipofika juu, upepo ule wa baridi ukanipiga usoni, na harufu ya kahawa iliyoanikwa ikaja, na mimi mwanamke mzima mwenye mjukuu njiani nikaanza kulia nyuma ya dereva. Akasimamisha pikipiki akidhani nimeumia. "Endesha tu, baba," nikamwambia, "nafika nyumbani."

Nyumba ilikuwa pale pale, lakini ndogo. Mabati yameshika kutu, ukuta mmoja umeegemezwa kwa nguzo. Jiko la mama halikuwepo. Mbele ya mlango alikaa mzee amejifunika blanketi, macho yake yameingia ukungu.

"Nani huyo?" akauliza.

Nikapiga magoti kama nilivyofundishwa utotoni. Miguu ilijikunja yenyewe. "Ni Kokugonza, baba mdogo. Wa Ta Elieza."

Akageuza sikio upande wangu. Kisha akasema, "Rudia."

"Ni Kokugonza wa Ta Elieza."

Akanyoosha mkono akipapasa hewa, mpaka akakipata kichwa changu. Akauacha pale. Akamwita jirani yake anayempikia, akamwambia alete kahawa ya kutafuna. Mnajua kwetu mtu akikupa kahawa kwa mkono wake amekupokea kama ndugu. Akazishika zile punje, hakunipa.

"Kabla hujapokea, nisikie," akasema. "Uliambiwa ukoo uliamua. Ukoo haukuamua. Ni mimi. Nililitaka shamba la kaka yangu. Mama yako alinipikia tangu nikiwa kijana, na mimi nikamfukuza. Wanangu wote wameondoka, hakuna hata mmoja anayelitaka shamba hili. Nikikaa hapa namwona mama yako akiteremka na wewe. Uligeuka kunitazama. Niliona."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, ndugu zangu! Ndani ya basi nilikuwa nimeyapanga. Nilitaka kumwambia jinsi mama alivyobeba mikungu kichwani hadi shingo ikapinda, na jinsi nilivyokwenda shule bila sare. Nikafungua kinywa, na kilichotoka kilinishangaza mimi mwenyewe. Nilimuuliza, "Baiskeli iko wapi?"

Mzee akaanza kucheka na kulia kwa wakati mmoja. "Iliuzwa zamani," akasema. "Breki hazikuwahi kufanya kazi, Koku. Nilikudanganya kwamba sizishiki kwa makusudi."

Nami nikacheka! Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na humo ndani ya kicheko kitu kikaachia. Siwezi kukieleza vizuri. Ni kama ukishusha mtungi kichwani baada ya mlima mrefu, shingo inashangaa. Nikakinga mikono, nikazipokea zile punje, nikatafuna. Halafu akaniomba tusali. Tukasali Baba Yetu kwa Kihaya, kama tulivyosali na baba yangu kila jioni. Kwa miaka yote, nilipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, nilishusha sauti nikapita haraka. Siku ile niliyasema maneno yote kwa sauti yangu nzima, na yeye akayasema, akilia. Bwana alinifungua pale, kwenye ua wa nyumba ya baba yangu, jua likiwaka!

Nikamweleza kuhusu Kemi na pasipoti. Hakuniacha nimalize. "Twende," akasema. "Nitafutie koti."

Alikula kiapo chake pale Muleba, na cheti kilipopatikana nikamchukua kuja Bukoba. Alikuwa hajafika mjini kwa miaka. Alikaa mbele ya yule afisa, fimbo katikati ya magoti, kofia mkononi.

"Mzee," kijana akamuuliza kwa heshima, "unamfahamu vipi huyu mama?"

"Namfahamu kabla hajapewa jina," akajibu. "Mama yake alikuwa anaanika kahawa, uchungu ukamshika. Kaka yangu alikuwa amesafiri Mwanza kwa meli. Mimi nilikimbia kumwita mkunga, mvua inanyesha, nikaanguka kwenye tope, nikainuka. Tuliporudi, kahawa yote imelowa na mtoto amekwisha kuja. Mama yake hakujali kahawa. Alikuwa anamwimbia. Kaka yangu aliporudi alimtazama, akasema, huyu amechukua masikio yangu, masikini."

Yule afisa akajizuia, lakini jicho lake likaenda kwenye masikio yangu. Sote watatu tukacheka.

Lakini mimi, ndugu zangu, nilikuwa nasikia habari hiyo kwa mara ya kwanza katika maisha yangu! Mama hakunisimulia kamwe. Alifunga Kamachumu yote pamoja, hata siku niliyozaliwa akaifungia humo. Sikujua kwamba aliniimbia. Sikujua kwamba mtu alianguka kwenye tope kwa ajili yangu.

"Inatosha, mzee, asante," afisa akasema.

"Bado. Andika pia kwamba nyumba ya baba yake ipo, ni yake, na aje wakati wowote anaotaka."

"Hiyo haina mahali pa kuandikwa hapa, mzee wangu."

"Basi isikie wewe," akasema Ta Zakaria. "Uwe shahidi."

Kijana akasimama, akampa mkono. "Nimesikia, mzee."

Wapendwa, pasipoti ilitoka, na viza ikafuata. Nilimfikia Kemi kabla ya siku yake. Nilimpikia, nilimwogesha, nilimsuka nywele kitandani. Alipoogopa, nilimsimulia habari ya mvua na kahawa iliyolowa na mwanamke aliyeimba, na yeye akaniomba niirudie kama mtoto anavyoomba hadithi. Alijifungua kwa upasuaji, mtoto wa kiume, mzima! Tulimwita Elieza. Na masikio, ndugu zangu... nitaleta picha mjionee wenyewe.

Nilipokaa karibu na dirisha kule, theluji nje, mtoto kifuani, nilijikuta nayatembelea yote niliyokuwa nimeyakataa. Nyasi za Krismasi, jiwe la nyuma ya jiko, kicheko cha mama chini ya migomba. Nilikuwa nimejinyima utoto wangu mzuri kwa sababu ya siku moja mbaya. Bwana amenirudishia! Sasa hata huzuni ya kukumbuka ni tamu. Nikimkumbuka mama namwona akiwa msichana wa Kamachumu, mzuri, mikono imejaa kahawa.

Nimerudi, na Ta Zakaria yupo hai, ingawa hawezi tena safari. Ninakwenda kumwona kila ninapoweza. Tunakaa nje, ananisimulia habari za baba yangu, maana amebaki peke yake aliyemjua vizuri. Ni mzee, nami najua haya hayatadumu. Kwa hiyo ninasikiliza sana.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru ninyi mlioniombea bila kujua mnaniombea nini. Na wewe uliyekaa hapa, unayetazama upande wa pili gari linapopita kwenu, mtumaini Bwana. Usingoje moyo ukubali kwanza. Baada ya ibada nitakuwa pale nje, karibu na geti. Kama una safari ya namna hiyo na unaogopa kwenda peke yako, njoo uniambie tu siku. Nitafunga duka, nitakusindikiza.