Kura ya Ugenya, Kaburi la Gathirimu

Marehemu Dorine Akoth Obiero alizaliwa tarehe 9 Machi 1973 huko Ugenya, Siaya, akiwa binti wa tatu wa fundi wa baiskeli na mkulima wa mtama, na waliomlea husema alianza kubishana kabla hajaanza kutembea. Alisoma shule ya msingi na ya upili hukohuko Siaya, akajiunga na Chuo Kikuu cha Egerton mwaka 1993, akahitimu shahada ya kilimo mwaka 1997, na mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa afisa wa kilimo na kutumwa Thika, akiwa na sanduku moja na makasi ya kupogolea kahawa.

Tarehe 16 Desemba 2000 alifunga ndoa kanisani mjini Thika na Erastus Obiero, mhadhiri wa takwimu ambaye boma lao pia liko Ugenya, na Mungu akawajalia watoto wawili, Mitchell na Omondi. Walipanga nyumba Ngoingwa hadi mwaka 2009, waliponunua ekari moja Gathirimu, kati ya Thika na Ruiru, mahali ambapo mkulima wa kawaida ana kahawa, ng'ombe wa gredi na nyumba za kupangisha mjini, na ambapo mwanasiasa akija kugawa unga watu huona wametukanwa.

Lakini Gathirimu ina wakazi wengine pia, wale wanaochuma kahawa na kukata maua, wanaoishi kwenye nyumba za wafanyakazi zinazoitwa laini, wengi wao wakiwa wametoka magharibi, na kila uchaguzi walikuwa wakipanda basi kwenda kupiga kura walikozaliwa, kisha wakirudi kulalamika juu ya mbunge ambaye hawakumchagua wala kumkataa. Dorine aliliona jambo hilo kuwa la kuchekesha, baadaye likaanza kumnyima usingizi, hivyo mwaka 2021 alianza kupita laini kwa laini akiwaambia wahamishe kura zao, akiwasindikiza jioni hadi kwa makarani wa tume ya uchaguzi, na kila alipoulizwa yeye atahamisha yake lini alijibu kwamba akimaliza foleni. Foleni haikuisha, na uandikishaji ukafungwa kura yake ikiwa bado Ugenya.

Kiti cha ubunge kilipobaki wazi na uchaguzi mdogo ukaitishwa Novemba 2025, alistaafu mapema na kujitokeza kama mgombea huru, jambo lililowezekana kwa sababu sheria inamtaka mgombea awe tu ameandikishwa kupiga kura popote nchini. Mpinzani wake mkuu alikuwa Mzee Gachau, jirani ambaye kahawa yake Dorine aliipogoa kwa miaka mingi, na ambaye aliwaambia watu kwamba anampenda Mama Mitchell kama dada, ila urithi wake uko kwao Ugenya.

Siku ambayo watu wa Gathirimu hawataisahau ni ile ya kupima kahawa kiwandani, wakulima na wachumaji wakiwa wamejaa uani, wagombea wote wamealikwa, ndipo Gachau alipochukua kipaza sauti akasema polepole, akitabasamu, "Mama Mitchell, kura yako iko Ugenya, na kaburi lako liko Ugenya. Hapa kwetu una nini?"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko, hata watu wa laini walicheka, kwa kuwa ilikuwa kweli. Dorine alipanda juu ya mizani ya kahawa, akangoja hadi kicheko kikaisha chenyewe, akasema, "Kura nilichelewa kuihamisha, na kosa ni langu. Kaburi sitachelewa. Nitazikwa hapa, kwenye ekari yangu, na wewe, Mzee Gachau, utakuja kushika koleo."

Wanawake wa laini walishika midomo, maana walijua mke wa Mjaluo huzikwa kwenye boma la mumewe, na hasemi maneno kama hayo hadharani. Dorine akamtazama mumewe, ambaye hakuwa ameulizwa na alikuwa amesimama chini akimshikia mkoba, na mumewe akainamisha kichwa kukubali. Hapo ndipo Shosho Wamboi, bibi kizee mjane mwenye kahawa nyingi kuliko wote pale kiwandani, alipopiga kigelegele cha kwanza, wanawe wakiwa upande wa Gachau wanamtazama, na vigelegele vikaenea hadi barabarani.

Siku ya kura, watu wa laini walitoka alfajiri wakiwa wamevaa nguo za kanisani. Kesho yake asubuhi, matokeo yalipokuwa yakisomwa, Dorine aliongoza, akafikiwa, akaongoza tena, na vijana nje ya kituo wakawa wanapanda juu ya ukuta kila namba ikitajwa, hadi matokeo ya upande wa juu, kwa wenye mashamba, yalipofika na Gachau akashinda kwa kura chache. Dorine alicheza barabarani na Shosho Wamboi hata hivyo, akisema kwamba sasa mbunge anajua njia ya kwenda laini, na ni kweli, kwa maana Gachau alifika huko wiki hiyohiyo.

Januari 2026 Dorine aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Ukoo ulituma wazee kueleza kwamba ahadi ya kampeni huisha pamoja na kampeni, hasa kwa aliyeshindwa. Aliwapikia samaki, akawasikiliza hadi mwisho, kisha akawajibu kwamba hakuwaambia watu kwamba atazikwa Gathirimu iwapo tu atashinda. Alifariki tarehe 11 Aprili 2026, mumewe na watoto wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliolala hapa tangu msiba ulipotokea, wenzake wa idara ya kilimo, na wazee wa Ugenya, ambao hawakukubali lakini wamekuja. Mheshimiwa Gachau ameketi mstari wa mbele, na koleo limeegemezwa karibu naye.

Akoth, hukuchelewa. Pumzika kwa amani, hapa nyumbani.