Tulinagwe Osea Kibona na Neno Moja la Jaji

Ndugu waombolezaji, mimi ni Nesta, mdogo wake marehemu. Familia imenipa kazi hii ya kusoma wasifu wake kwa sababu mimi ndiye mwalimu. Dada yangu Tulinagwe alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 Isongole, wilayani Ileje, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Osea Kibona na mama Marta, ambaye amekaa hapa mbele yetu.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Isongole, 1977 hadi 1983. Alipomaliza alibaki kulima mahindi na mama ili mimi niendelee na sekondari. Kiingereza changu chote kimetoka kwenye jembe lake.

Mwaka 1991 alihamia Tunduma kujifunza cherehani, na sare za kwaya mnazoziona hapa leo nyingi alishona yeye. Kazi yake haikulalamikiwa, ingawa ile "njoo kesho" yake wengi mnaijua. Tarehe 5 Septemba 1992 alifunga ndoa na shemeji Ambakisye Mwampashi. Siku hiyo bibi harusi mwenyewe aliwazidi wageni wote kwa vigelegele, mpaka mama mkwe akamwambia, "Mwanangu, tuachie na sisi kidogo."

Sauti hiyo niliionea wivu tangu utotoni. Mimi nami nilipohamishiwa Tunduma kufundisha, tuliimba sauti ya kwanza pamoja, bega kwa bega, lakini aliyesikika alikuwa mmoja. Mwalimu wetu wa kwaya, mzee Ezron, alikuwa akiniambia, "Nesta, imba tu, ila usimfunike dada yako," kana kwamba ningeweza.

Agosti 2009 kwaya yetu ilishindana na kwaya za Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Jaji mmoja alikuwa Mzambia na aliandika maoni yake kwa Kiingereza. Jioni dada akaniletea karatasi nimsomee. Jaji alikuwa ameandika kwamba sauti ya mama yule wa mbele ilikuwa juu, safi, bora kuliko zote za siku ile. Ila kwenye mstari wa mwisho tu, pumzi ilipomwishia, ikawa "shrill". Mimi nikamsomea neno hilo moja.

Akaniuliza maana yake. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi: ni sauti nyembamba na kali, inayochoma masikio. Waingereza hulitumia kwa filimbi, au kwa mtu anayefoka, wala hawamsifii nalo mwimbaji. Maana niliyompa ilikuwa sahihi. Sentensi nzima ndiyo niliyomnyima.

"Kumbe nawaumiza watu masikio," alisema. Jumapili iliyofuata alimwomba mzee Ezron amhamishie sauti ya pili, na nafasi yake ya mbele nikapewa mimi. Alikaa huko nyuma miaka kumi na tano. Hata harusini aliacha vigelegele, akawa anapiga makofi. Nami pale mbele niliimba kwa nguvu zangu zote, na hakuna aliyewahi kuniuliza ninatoka kwaya gani, kama wageni walivyokuwa wakimuuliza dada.

Oktoba 2024 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Madaktari wa Mbeya walisema moyo umepanuka. Januari nilikwenda kwake na ile karatasi, ambayo sikuwahi kuitupa, nikamsomea yote na kumwambia nilichofanya.

"Bora kuliko zote, ndivyo alivyoandika?"

"Ndiyo, dada."

"Ungenisomea nikiwa na pumzi, mdogo wangu." Hakusema kwamba amenisamehe, wala hakunifukuza. Alifariki nyumbani kwake Tunduma, Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano.

Wasifu huu nilimpelekea shemeji Ambakisye kabla haujachapwa, nikimwambia yuko huru kufuta asichokitaka. Aliusoma mara mbili, akanirudishia. "Kausome, shemeji," alisema. "Safari hii usiruke neno."

Marehemu ameacha mama, mume, watoto watatu, Joshua, Pendo na Faith, wajukuu wanne, na mimi, ambaye hata leo kanisani, kwaya ilipomwimbia, wivu ulinishika tena.

Apumzike kwa amani Tulinagwe Osea Kibona, sauti ya kwanza.