Maji Kwanza: Maisha ya Mudiaga Akpojotor, Mpima Tope

Wazee wa Okpara, wakwe zetu kutoka Sapele, walimu, wanafunzi wa zamani, na ninyi wazee saba mliokaa benchi la mbele bila kungoja kupangiwa viti, migwo, tunawapigia goti. Familia inaomba msimame kidogo kama magoti yanaruhusu, na kama hayaruhusu mkae, msikilize maisha ya mzee wetu kama yalivyokwenda, maana iko karatasi ya kampuni inayomwita mkaidi na mharibifu wa mali, na yeye ameondoka duniani akingoja neno hilo lifutwe, na waliopaswa kulifuta wametuletea shada la maua ya plastiki.

Marehemu Mudiaga Akpojotor alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 hapa Okpara, mtoto wa tatu wa mzee Akpojotor, mkwea michikichi, na mama Emuobome, aliyekamua mawese kwenye shimo lile lile ambalo leo limeota magugu nyuma ya jiko. Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1953, akaingia sekondari Sapele Januari 1961, na huko ndiko alikofundishwa, kwa chaki na kwa fimbo, kwamba galoni moja ya maji ina uzito wa pauni kumi, jambo ambalo wavulana wa darasa lake waliliimba asubuhi kabla ya uji, wakalishika kama sala, na mawese wakaambiwa ni pauni tisa, na mafuta ya taa pauni nane. Kilikuwa kizazi kilichoamini kwamba kitu kikishaandikwa ubaoni kimekwisha, na mtu akiwasikiliza wakisimulia, hata ile fimbo anaitamani kidogo.

Baada ya stashahada ya ufundi aliyoipata Warri Desemba 1968, aliajiriwa tarehe 2 Machi 1970 na Wamarekani waliokuwa wakichoronga visima vya mafuta kwenye vinamasi, kazi yake ikiwa kupima tope, yaani lile tope linalosukumwa chini ya kisima ili uzito wake uizuie gesi isipande na kulipuka usoni mwa watu. Alipewa mizani ya mkono mmoja, kikombe upande huu, kitelezi upande ule, nambari zikisomeka pauni kwa galoni, na aliipenda mizani hiyo kuliko alivyopenda viatu vyake vipya vya kazi, na waliomjua wanajua alivyovipenda viatu hivyo.

Likizo yake ya kwanza, Agosti 1970, aliingia sokoni Sapele amevaa viatu hivyo na mizani kwapani, akasimama mbele ya meza ya binti mmoja muuza mawese aitwaye Avwerosuo, akajaza kikombe, akasogeza kitelezi, akasoma pauni saba na nusu, na mbele ya wateja wote akatangaza kwamba mawese ni pauni tisa, mafuta ya taa nane, na ya huyu dada yamechanganywa na mafuta ya taa. Wanawake wa soko wakasogea, wateja wakaondoka na matungi matupu, na binti mwenyewe, ambaye mila inamtaka apige goti kumwamkia mwanamume aliyemzidi umri, hakupiga goti lolote, alifuta mikono kwenye kitambaa chake cha kiunoni, akamtazama kuanzia viatu kwenda juu.

“Wewe kaka wa viatu, hata mafuta ya taa yenyewe unasema ni pauni nane, sasa mimi nimechanganya nini humo, upepo?”

Soko zima likacheka, naye akaondoka akijiona mshindi, ila lile neno upepo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, maana kweli hakuna kitu cha kuchanganya kinachofanya mawese yawe mepesi kuliko mafuta ya taa yenyewe. Akaenda kisimani kwa dada yake, akajaza kikombe maji safi, akasoma pauni nane na theluthi moja, si kumi, akaketi chini. Mizani haikuharibika. Ilikuwa ya Kimarekani, na galoni ya Mmarekani ni ndogo kuliko ile ya Mwingereza aliyoimbishwa shuleni, jina moja, vyombo viwili, na hakuna mwalimu aliyewahi kuwaambia kwa sababu hata walimu hawakuambiwa. Kwa galoni ya Mwingereza mawese ni pauni tisa, kwa ya Mmarekani ni saba na nusu, na kwa kipimo kipya cha kilo na lita ni kama sehemu tisa za kumi za maji, na ni mawese yale yale, masafi, ya binti aliyeharibiwa jina.

Siku ya soko iliyofuata alirudi bila viatu vile, akasimama pale pale alipotukania, akapima maji mbele ya watu, kisha akapima mawese, akasema kwa sauti kwamba mwongo alikuwa yeye, na Avwerosuo akamwambia kuomba radhi ni kuzuri, ila madumu sita yaliyobaki hayatajiuza kwa radhi. Akakaa akiuza mawese mpaka jioni. Tangu siku hiyo hakugusa kipimo chochote kabla ya kukiuliza swali moja, maji unayasemaje, na walifunga ndoa tarehe 29 Desemba 1971, na Mudiaga alipopeleka ogogoro ya mahari, ile pombe kali ya michikichi, mzee mmoja wa Sapele alidai nayo ipimwe, ikapimwa, ikanywewa yote.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Onoriode aliyezaliwa 1973, Omonigho aliyezaliwa 1976, na Kesiena, kitinda mimba aliyekuja 1989 wakati hakuna tena aliyemtarajia, ambaye ana shahada ya uhandisi wa kemikali na kabati la barua zisemazo tutakujulisha. Nyumba ile ilinukia banga, mchuzi wetu wa chikichi, na sabuni, na kabla ya usi, ule ugali wa wanga wa muhogo, kuvunjwa mezani kila mtoto alipaswa kubadilisha kipimo kimoja kwa kichwa, pauni kwa galoni kwenda kilo kwa lita, anayekosea anaosha vyombo, na Mama Avwerosuo alikuwa akidakia swali na kukosea makusudi pale alipoona mtoto amechoka, ili zamu iwe yake na baba amwoshee, na baba alijua, na aliosha.

Sasa tufike kwenye ile karatasi. Mwaka 1977 Wamarekani waliondoka, ikaja kampuni nyingine, ambayo hatuitaji jina kwa sababu yeye hakupenda kuitaja, watu wa kilo na lita, na kila hesabu ya zamani ikabidi igeuzwe. Tarehe 21 Februari 1978, kwenye mtambo uliokuwa kinamasini kusini mwa Warri, mpango wa kazi ulifika kutoka ofisini ukisema tope liwe kilo moja na sehemu mbili za kumi kwa lita. Mudiaga aliusoma mara moja tu. Kisima cha jirani, tabaka lile lile, alikuwa amekipimia yeye mwenyewe enzi za Wamarekani, na kilihitaji pauni kumi na mbili, na mtu yeyote aliyepita shule kama yake, akiambiwa pauni kumi na mbili, atagawanya kwa kumi, kwa sababu maji ni kumi, na atapata moja na sehemu mbili za kumi na kulala usingizi. Lakini kumi na mbili za Mmarekani ni kilo moja na karibu nusu. Jamaa wa ofisini hakuwa mjinga, alikuwa ameimba wimbo ule ule.

Alimweleza msimamizi, mzungu mmoja, oyibo mwenye haraka, ambaye alijibu kwamba karatasi imesainiwa na wakubwa, na pampu ziwashwe. Wenzake wakamvuta pembeni, Oghale akamwambia, “Oga, mkubwa wangu, una mtoto wa kunyonya nyumbani, hii wahala, balaa hili, waachie wenye saini.” Naye alijua kabisa anachoweka rehani, kazi pekee iliyokuwa inalisha nyumba mbili, yake na ya wazazi wake, na ndugu zake wanne. Akajibu kwa upole, “Oghale, na wewe unaye.” Kisha akafunga vali, akaamuru magunia ya unga mzito wa baraiti yamwagwe kwenye tope mpaka mizani ikasema anachokitaka, magunia ya kampuni, bila kibali, msimamizi akipiga kelele redioni.

Kabla ya adhuhuri ya siku ya pili gesi ilisukuma. Wazee hawa saba walikuwa kwenye sakafu ya mtambo, waliona tope likipanda, likitikisika, likasimama, likarudi. Taarifa ya kampuni iliandika kwamba kazi iliendelea kama kawaida, na jioni hiyo Mudiaga alishushwa na boti, na karatasi mkononi, mkaidi, mharibifu wa mali. Ukizuia mlipuko, nani atakuonyesha mlipuko? Aliandika rufaa mpaka 1984, akaacha.

Kuanzia Januari 1979 hadi alipostaafu Machi 2006 alifundisha fizikia Ughelli, na kila mwaka somo lake la kwanza lilikuwa ndoo ya maji juu ya meza, na mizani ya kale kama ile ya Wamarekani, aliyoinunua chakavu sokoni. Wahandisi wangapi wa jimbo letu la Delta wamepita kwenye ndoo hiyo, na wangapi kati yao wanaajiri, hayo tuyaache.

Figo zilianza kumsumbua Mei 2018, akalazwa Warri mara tatu, na muuguzi alipokuja na kile kielea cha kioo cha kupimia uzito wa mkojo, alimwambia, “Binti yangu, umekiuliza maji?” Binti akacheka, akaleta maji, kielea kikasema sawasawa, na mzee akamruhusu aendelee. Alifariki tarehe 9 Oktoba 2019 alfajiri, Mama Avwerosuo amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa binti yule, majirani waliopika na kufagia wiki tano hizi, walimu wenzake, na wanawake wa soko la Sapele waliofunga meza zao leo. Kampuni nayo tunaishukuru kwa plastiki.

Tulikuwa tumekodi vijana wa kubeba jeneza, wale wa kucheza, wenye suti nyeupe na glavu. Asubuhi hii Mzee Oghale na wenzake sita wamewalipa, wamewaambia waende wakale, wakisema huyu hachezewi, huyu wanambeba wao, na wote wana zaidi ya miaka sitini na mitano, na wawili wana fimbo. Nyuma yao wamesimama watoto wao na wajukuu wao, hesabuni wenyewe mkipenda. Hiyo ndiyo rufaa, na imejibiwa.

Mama ameomba kabla ya ogogoro kumwagwa kaburini, yatangulie maji.

Inukeni sasa wazee, mshike. Baba, ulichokizuia kimezuilika. Weka mizani chini, upumzike kwa amani.